Kipa Aliyeitikia Jina la Mwenzake

Ipo siku moja, mwanangu, hainitoki kichwani mpaka leo. Tulikuwa shambani kwa bibi yako, mimi na mjomba wangu Mathayo, tunapogoa mizabibu. Mjomba alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu, ameinama na mkasi wake, kofia imemfunika macho. Akaniita, "Elia." Mimi kimya, nakata matawi. Akaita tena. Niliisikia ile sauti, lakini niliisikia kama unavyosikia mtu sokoni anamwita mtu mwingine, haikunihusu. Akaita mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka mbwa wa jirani akabweka. Wakati huohuo walikuwa wanapita barabarani wanafunzi wa chuo na baiskeli zao, mmoja akapaza sauti, "Oya, Rama." Nikageuka palepale na kumpungia mkono.

Mjomba akanyooka mgongo.

"Rama ni nani?"

Nikacheka. "Ni jina la mpira tu, mjomba. La kule chuoni."

"La mpira."

"Ndiyo."

Akafuta mkasi kwenye suruali yake. "Elia ni jina la baba yangu. Mama yako alitaka jingine, mimi ndiye niliyekuombea upewe hilo. Kama limekuwa zito kwako nirudishie, nitampa mtoto mwingine."

Kisha akainama, akaendelea kukata. Hakuniambia lingine siku ile. Mimi nikaona mzee anapenda makuu, anafanya neno dogo liwe kubwa. Nilikuwa kijana, nina mikono inayodaka kila kitu, nani angenieleza?

Nakuandikia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Uliniambia mko makipa wawili mnaogombania namba moja hapo chuoni kwenu, wewe na kijana wa mtaani ambaye mwalimu wa michezo amemleta. Ukasema yule kijana anakushinda. Hapo nilikupenda, maana wengine wangesema wamerogwa. Lakini ukaongeza kwamba mwalimu anataka umpe kijana huyo kitambulisho chako, adake fainali kwa jina lako, wewe ujifiche pembeni, halafu medali na sifa vibaki kwako. Ukaniuliza, "Baba, kwani kuna ubaya gani?" Mimi nikanyamaza, wewe ukadhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, nimeshika simu, naikumbuka siku ile ya shambani.

Baba yako ni mtu wa darasa la saba, hilo unalijua na silionei aibu. Nenda Kibaigwa leo, usiulize ofisi ya mtu yeyote, uliza Elia ni yupi, utaletwa mpaka mlangoni. Mahindi yanayotoka huku kwenda Dar es Salaam, mengi yamepita mikononi mwangu. Nyumba niliyojenga, wapo wenye shahada ambao wanapita wakiitazama kwa kona ya jicho. Wananiamkia, wananiita bosi, wananiomba ushauri wa biashara, mimi ambaye barua ndefu kama hii naiandika kwa siku mbili. Sijabebwa na mtu. Kwa hiyo nikikueleza kitu kuhusu kushindana, usidhani nimekisikia redioni. Nimeshindana maisha yangu yote, na nimeshinda mara nyingi kuliko wanaume wengi unaowajua. Mara moja tu nilishinda nikapoteza, na hiyo ndiyo nataka uisikie.

Karibu na kijiji chetu kulikuwa na chuo, ambacho sasa kimeshafungwa, majengo wanafugia mbuzi. Kilikuwa na timu nzuri isipokuwa langoni. Wakati ule, kama ilivyo sasa, chuo kikikosa mtu kinachukua kijana wa mtaani, kinamvalisha jina la mwanafunzi, anacheza mashindano ya vyuo kama vile anasoma pale. Tulikuwa tunawaita mamluki. Kila chuo kilikuwa nao na kila chuo kilimsema mwenzake. Mimi nilikuwa nadaka timu ya kijiji. Siku moja tukacheza na chuo mechi ya kirafiki, wakatupiga mashuti mpaka kivuli kikarefuka, hakuna lililoingia. Mechi ilipokwisha, kocha wao, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo, akanifuata nikiwa nachomoa mbigili kwenye viwiko.

"Kijana, unasoma wapi?"

"Sisomi, Mwalimu. Nalima zabibu na mama."

"Kesho njoo uwanjani kwetu."

Nikaenda. Nikamkuta kipa wao, Ramadhani, wote wakimwita Rama, mtoto wa upande wa Kondoa, mrefu kidogo kunizidi, msafi, glavu zake anaziosha na kuzianika kila akimaliza mazoezi. Kocha akatusimamisha wawili mbele ya timu nzima, akasema mashindano yanakaribia, anayetaka lango alipiganie, yeye hana ndugu langoni.

Tukapigana, mwanangu. Sisemi kupigana ngumi. Kila alasiri ilikuwa yeye na mimi, upepo unavuma na vumbi lile jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Rama alikuwa na akili ya mpira. Alijua kupanga mabeki, alijua kuanzisha mpira kwa mguu ukatua kifuani kwa mtu. Mimi nilikuwa na mikono, na sikuogopa ardhi. Ile ardhi yetu ni kama sakafu ya saruji iliyomwagiwa miiba, kipa mwingine anafikiria kwanza kabla ya kuruka. Mimi niliruka kwanza.

"We kipa wa zabibu," Rama alinitania, "unadaka kama unaiba kuku. Fumbua macho basi."

"Na wewe kipa wa daftari," namjibu, "unaangalia kwanza kama kaptula itachafuka."

"Kaptula inafuliwa. Goti halifuliwi."

"Ndiyo maana lako bado jipya."

Timu ilikuwa inacheka mpaka kocha anapuliza filimbi. Na usidhani tulichukiana. Yeye ndiye aliyenifundisha kutoka kwenye mstari mpira wa kona ukija, na mimi nikamfundisha kuanguka kwa bega badala ya mkono. Tulikuwa tunagawana maji kwenye kidumu kimoja. Lakini kila mmoja alijua kwamba lango ni moja, na kila mmoja alipotoka pale jioni alikuwa anahesabu makosa ya mwenzake kimoyomoyo. Kwake yeye ilikuwa heshima mbele ya wenzake. Kwangu ilikuwa maisha, maana kocha alikuwa amenivuta kando akaniambia, "Ukinidakia mashindano haya, nitazungumza na wakubwa uingie hapa chuoni. Kozi fupi. Hiyo la saba yako tutajua la kufanya." Mimi niliyekuwa nikipita nje ya uzio wa chuo kile na jembe begani, nikajiona tayari nimeketi ndani.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano kocha akatuweka langoni kwa zamu, timu nzima ikatupigia penalti. Rama alidaka vizuri siku ile, sitamnyima haki yake. Mimi nilidaka vizuri zaidi. Hata yeye alijua, maana alipotoka langoni alivua glavu zake, akanirushia. Kocha akatuita.

"Elia anadaka. Rama, kesho uje na kitambulisho."

Rama hakuelewa. "Kitambulisho cha nini, Mwalimu?"

"Elia hana. Atatumia chako."

"Na mimi nitakaa benchi na nini?"

"Utakaaje benchi? Tutakuwa na Ramadhani wawili? Wewe utakaa kwenye basi."

Nakumbuka uso wake. Mtu akishindwa unamwona ameshindwa, inaisha, kesho anakuja tena. Rama hakupewa hata kushindwa. Aliambiwa akae ndani ya basi amejifunika pazia huku mtu mwingine akiwa yeye. Akanitazama, akingoja niseme kitu. Mimi nikatazama glavu. Nilikuwa nimeshinda, ningesema nini?

Picha za vitambulisho vya wakati ule zilikuwa ndogo na zimefifia. Kocha akaamuru timu nzima inyolewe vipara, akasema ni nidhamu. Rama ana mwanya, mimi sina, kwa hiyo nikaambiwa nisicheke mbele ya kamisaa wa mchezo. Halafu akaagiza kuanzia siku ile kila mtu aniite Rama, mazoezini, njiani, kwenye chakula, ili siku ya mechi nisije nikaitwa nikazubaa. Wakaniita. Nikalizoea haraka kuliko nilivyozoea kitu chochote. Ndiyo hiyo siku ya shambani niliyokueleza mwanzo. Mjomba aliona, mimi sikuona.

Fainali ilichezwa mjini Dodoma. Watu walijaa, kulikuwa na kipaza sauti, kulikuwa na wakubwa waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Basi letu liliegeshwa nyuma ya goli la upande wa magharibi. Kipindi cha pili nilidaka kwenye goli hilohilo, na nilikuwa najua kwamba nyuma yangu, kwenye dirisha lenye pazia, Rama yumo anasikia. Sikuweza kugeuka. Dakika za mwishoni tukiwa tunaongoza, wapinzani wakapewa penalti. Mpigaji alikuwa mtu mzito, mguu wa kushoto. Nikaruka, nikaupangua kwa vidole, ukagonga mwamba, ukarudi, nikaulalia. Mwanangu, uwanja wote ulisimama. "Rama. Rama. Rama." Kipaza sauti nacho, "Ramadhani, golikipa hodari." Nilisimama pale na mpira kifuani nikasikia watu wote wa Dodoma wanamshangilia mtu aliyekaa kwenye basi.

Lakini hilo silo lililoniumiza zaidi. Baada ya mechi alikuja bwana mmoja, amevaa suti ya Kaunda, ametoka kwenye taasisi fulani iliyokuwa na timu ya ligi. Wakati ule taasisi zilikuwa zinaajiri wachezaji kabisa, unacheza mpira na unakuwa na kazi ya kudumu. Akanishika mkono, akaushikilia.

"Mikono hii tunaitafuta. Unaitwa nani, kijana?"

Kocha alikuwa amesimama begani kwangu. Sikuhitaji hata kumtazama.

"Ramadhani," nikasema.

Nilisema kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenishikia kisu. Nikadhani kocha atanisogelea baadaye, atamnong'oneza yule bwana, mambo yatapangwa. Vijana tunadhani wakubwa wana mpango. Alichokuwa nacho kocha ni kikombe.

Haikupita muda mrefu, Rama akaja shambani kwetu na baiskeli. Mimi na mjomba tulikuwa tunafunga matawi kwenye nyaya. Akamwamkia mjomba shikamoo, akanivuta pembeni, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Wameniita," akasema. "Kule kwenye taasisi. Nikaripoti Jumatatu."

"Wamekuita wewe au wameniita mimi?"

"Elia, usifanye hivyo."

"Nakuuliza tu."

"Wameita jina. Jina ni langu. Vyeti ni vyangu. Ungeenda wewe ungewaonyesha nini?"

"Ningewaonyesha mikono."

Akashika usukani wa baiskeli. Kisha akasema, taratibu, "Na mimi siku ile ulinipa nini? Ulinitazama nikipelekwa kwenye basi, ukachukua glavu zangu ukavaa." Akapanda baiskeli yake akaondoka. Maneno yale yalinitia hasira kuliko kazi yenyewe.

Nikaenda chuoni siku hiyohiyo. Askari wa getini, ambaye alikuwa amecheza na kuimba nami tulipoleta kikombe, akaniambia nisubiri. Kocha akatoka na walimu wawili. Nikamwambia, "Mwalimu, nimekuja kuhusu ile nafasi." Akawatazama wenzake, kisha akanitazama kama mtu anayetazama muuza karanga.

"Nafasi gani? Wewe ni nani hapa? Huyu si mwanafunzi wetu," akamwambia askari. "Wanakijiji msiwaruhusu kuzurura hapa."

Na kweli, sikuwa mwanafunzi wao. Hapo hakudanganya. Ningedai nini? Ningesema nilidaka fainali, kikombe chao kingechukuliwa, Rama angefukuzwa, na mimi ningeulizwa na polisi nilifanya nini na kitambulisho cha mtu. Walinifunga kwa kitu ambacho nilikifunga mwenyewe.

Niliporudi, mjomba aliniuliza swali moja tu. "Wamekuita?"

"Wamemwita Rama."

Akatikisa kichwa, akaendelea kufunga matawi. Angenitukana ningefurahi. Alinipa uzi nikamsaidia mpaka jua likazama.

Tangu hapo sijadaka tena. Watu wa kijiji walinibembeleza, nikakataa. Nikaanza kubeba magunia, nikawa dalali, nikanunua na kuuza, nikaanguka, nikaamka, mpaka hapa unaponiona. Najivuna, ndiyo, na nina haki. Lakini usije ukadhani mafanikio yamenifutia kile kitu. Ukiona nazima televisheni mpira wa penalti unapotaka kupigwa, ukadhani ni moyo wangu mdogo, sasa unajua.

Rama nilimwona tena miaka mingi baadaye, hapahapa Kibaigwa, amekuja kununua mahindi ya familia. Mvi kila mahali, tumbo, miwani. Akanitambua yeye kwanza, na akaniita Elia. Tukakaa kwenye benchi la duka langu, nikamwagizia soda.

Akaniambia kule kwenye taasisi waliona mapema kwamba hadaki kama siku ile. Shuti la kwanza tu la chini mazoezini, alilichelewa, akaona makocha wanatazamana. Misimu miwili alikaa benchi, kisha wakamhamishia stoo. Yupo huko mpaka leo, ana mshahara, amesomesha.

"Basi ulipata," nikamwambia.

"Nilipata nini? Kila tukiwa na sherehe ofisini lazima atokee mtu mzima mmoja aliyekuwepo siku ile, asimulie penalti yangu. Wananipigia makofi. Watoto wangu wanaisimulia shuleni. Mke wangu mpaka leo anajua nilidaka mimi."

"Si umwambie."

Akaizungusha ile chupa mezani. "Nianzie wapi, Elia?"

Mwanangu, ningependa kukuambia nilimwonea huruma. Sikumwonea. Nilimtazama nikawaza, umeishi kwenye nyumba yangu, umekula kwenye sahani yangu, na bado unanililia mimi kwamba chakula kilikuwa kichungu. Nilimpakilia magunia yake, nikampa mkono, akaondoka. Na uchungu wangu ulibaki palepale ulipokuwa. Sikuzote nilidhani siku nikijua hakufaidi, nitapumua. Sikupumua. Nilichokiona ni kwamba kocha yule alikuwa na makipa wawili wazuri, na akatuharibu wote wawili kwa siku moja, halafu akaenda kula pilau.

Sasa nisikilize, maana huu ndio ushauri wangu na sitaurudia kwenye simu.

Umeuliza ubaya uko wapi. Ubaya ni kwamba utashangiliwa kwa kitu ambacho hukukifanya, na hutajua jinsi ya kuwanyamazisha watu. Utakivaa mpaka uzee. Kitambulisho chako usimpe mtu, hata mwalimu, hata rais wa wanafunzi, hata wakikuambia timu yote inakutegemea. Wakikasirika, wakasirike. Wakikutoa kwenye timu, toka ukiwa na jina lako. Kama yule kijana anakushinda, kubali mbele yake, mpe mkono, rudi mazoezini, urefushe mikono yako. Kukaa benchi si aibu. Kwenye benchi watu wanakuona, kocha anakuona, kesho mwenzako anaumia goti unaitwa wewe, kwa jina lako. Aliyefichwa nyuma ya pazia haitwi na mtu. Na siku mkubwa yeyote atakapokuuliza unaitwa nani, hata kama jibu la kweli litakugharimu kila kitu, mjibu ukweli.

Halafu kuna huyo kijana wa mtaani. Usimchukie. Mtafute kabla ya fainali, kaa naye, mwambie yote niliyokuandikia hapa, maana pale chuoni hakuna atakayemwambia. Akikubishia, muache, nami nilibisha. Lakini mwambie kuna mzee Kibaigwa anataka kumwona. Kuna timu ya wilaya hapa, viongozi wake wananisikiliza kwa sababu basi wanalosafiria ni langu. Atapimwa kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, akidaka atadaka, akifungwa atafungwa yeye. Mwambie aje mchana, asije na kocha wake.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe mikono, na akikunyima mikono akupe uso wa kusema sina. Akukutanishe na watu wanaouliza jina lako kwa sababu wanataka kukujua wewe. Na sisi tuliokuzaa atuweke hai, tuje kukaa jukwaani siku moja tukisikia unaitwa, au tuje kukaa nawe kwenye benchi tusisikie kitu. Yote mawili nitakuja.

Baba yako,
Elia